Mkazo wa Neno na Pigo la Muziki: Uchambuzi wa "Hallelujah" ya Handel katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

"Hallelujah" ni utungo wa kwaya ya sauti nne unaofunga sehemu ya pili ya Messiah, oratorio iliyotungwa na G. F. Handel mwaka 1741 na kuimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Wanafunzi wa muziki huuchambua aghalabu kwa kuanzia upatanifu wa sauti. Makala hii inadai kuwa anayeandaa kwaya ya Kiswahili, tuseme katika parokia ya Galula mkoani Songwe, hana budi kuanzia kwenye neno. Msikilizaji asiye na matini mkononi hufikiwa na maana kwa njia ya sikio tu.

2.0 Mkazo

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwaya inapoingia, silabi "ha" hupewa pigo la kwanza na noti ndefu. Hata hivyo, "lu" huangukia pigo la tatu, ambalo nalo ni zito, na kidatu chake hupanda kuliko cha silabi iliyotangulia. Kwa hiyo "haleluya" hubaki neno la Kiswahili.

3.0 Idadi ya Silabi

Ugumu hujitokeza katika sehemu ya fyuga, ambapo besi huanzisha wazo, kisha tena, alto na soprano hulipokea. Maneno ya Kiingereza yanayolingana na "milele na milele" yana silabi 6. Ya Kiswahili yana 7. Noti ya kiunganishi yafaa igawanywe ili ibebe "na mi-", na mkazo wa "-le-" ubaki mahali pake. Mgawanyo huo sharti ufanane katika sauti zote nne. La sivyo wazo halitatambulika linaporudi.

Kinyume chake, "mfalme wa wafalme" ina silabi 7 dhidi ya 3, lakini tatizo ni dogo. Hapo soprano hushikilia kidatu kimoja, hivyo noti huweza kugawanywa bila kuharibu lahani, mradi "-fal-" iangukie pigo zito.

4.0 Hitimisho

Imedhihirika kuwa urefu wa tafsiri si kipimo tosha cha ubora wake. Lililo muhimu ni mahali silabi ya ziada inapowekwa. Uchambuzi wa upatanifu ufuate baada ya hapo.