Kihispania, mtoto wa Kiswahili anacho nusu tayari

Mpwa wangu alizaliwa Kibokoni, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa na miaka tisa. Sasa yuko shule ya upili, na mwezi uliopita alinipigia simu: "Mjomba, Kihispania naacha." Insha yake ilikuwa imerudi na wino mwekundu kila mstari. Alinitafuta mimi kwa sababu nilijifunza lugha hiyo nikitembeza watalii Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, wakati Ureno yenyewe iko chini ya mfalme wa Uhispania.

Niliisoma ile insha. Alikuwa ameitunga kwa Kiingereza kichwani, kisha akaigeuza neno kwa neno. Kiswahili, ambacho kingemsaidia, alikiacha nyumbani kwa mamake.

Tazama kitenzi. "Hablo" ni "nasema", "hablas" ni "wasema", "hablamos" ni "twasema". Nafsi imo ndani ya kitenzi kama kwetu, ila sisi twaiweka mbele, wao nyuma. Kwa hivyo "yo", yaani "mimi", haihitajiki kila mara. Yeye aliitia mara saba katika aya moja. Nikamwambia aisome kwa Kiswahili: mimi naona, mimi naamini, mimi nataka. Akacheka mwenyewe.

Upatanisho nao tunaujua tangu utotoni. Kikombe cheupe, vikombe vyeupe; kwao "la taza blanca", "las tazas blancas". Wao wana jinsia mbili tu za nomino. Aliyekulia kwenye ngeli zetu hapaswi kuziogopa mbili!

Panapowasumbua wengi ni "ser" na "estar", kwa kuwa Kiingereza kina kitenzi kimoja tu hapo. Sisi twatofautisha. Mama ni mwalimu: "mi madre es maestra". Mama yuko sokoni: "mi madre está en el mercado". Mama amechoka: "está cansada". Penye "ni" mara nyingi utapata "es". Penye "yuko", au "-me-" ya hali kama hiyo ya kuchoka, jaribu "está". Si kanuni ya kila mahali, lakini makosa yake mengi yaliondoka hapo.

Uandishi wenyewe ni kama insha yoyote ya shule. Utangulizi useme msimamo wako, kila aya ibebe hoja moja na ushahidi wake. Yeye alirundika hoja tatu pamoja. Nilimpa viungo vinne: "según", kwa mujibu wa, ili aseme habari kaitoa wapi, "además", isitoshe, "sin embargo", hata hivyo, "por lo tanto", kwa hivyo. Nikamwonya na alama ndogo: "sí" ni ndiyo, "si" ni kama, na swali hufunguliwa kwa ¿ kabla ya kufungwa.

Rasimu ya pili ilikuja Jumapili. Imenyooka, ila kaandika "la problema". Neno laishia kwa a lakini ni la kiume: "el problema". "Sasa hiyo nitaijuaje, mjomba?" Nikamuuliza kama husema kijana kimekuja au kijana amekuja. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia kalamu ikikwaruza.