Kachumbari Inayoshibisha: Mtama na Dagaa Bakuli Moja

Wanachuo wenzangu, boom likichelewa tunajua maisha yanavyokuwa. Lakini hata likiingia, wengi bado tunakula vibaya: ugali unajaza sahani, mboga vijiko viwili, halafu kipindi cha saa nane mchana nusu ya darasa inasinzia. Mhadhiri analaumiwa bure!

Hoja yangu ni hii: kachumbari si lazima ikae pembeni mwa sahani. Ukiiongezea nafaka na samaki inakuwa mlo kamili, tena mwepesi. Mtama unaleta nguvu na nyuzinyuzi, ndiyo maana unakaa tumboni muda mrefu. Dagaa wanaleta protini na, kwa kuwa tunawala na mifupa yao, kalsiamu pia. Ndimu nayo si ya ladha tu. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mtama. Sisi wasichana tulizingatie hili, maana kila mwezi tunapoteza damu. Na chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula, kwani inazuia madini hayo yasifyonzwe vizuri.

Kwa watu wawili, andaa kikombe kimoja cha mtama mweupe mzima (ule mwekundu mara nyingi una ukakasi), kikombe kimoja cha dagaa wakavu, nyanya mbili, tango moja, karoti moja, kitunguu kimoja, ndimu moja, mafuta na chumvi.

Chambua mawe, osha mtama, uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, uchemshe kwa vikombe vitatu vya maji mapya, dakika 45 hadi saa moja. Unatakiwa utafunike bila kupondeka. Chuja, tandaza kwenye sinia upoe haraka.

Dagaa toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe kabisa, wachuje, kisha wakaange kwa mafuta kidogo hadi wakauke. Kitunguu kikatekate, kifikiche na chumvi, kisuuze ili ukali upungue. Katakata nyanya na tango, kwangua karoti, changanya na mtama, kamulia ndimu. Dagaa waweke mwisho kabisa, la sivyo watalainika.

Kama hakuna friji, pika kinachotosha siku hiyo tu. Nafaka iliyopikwa ikilala nje huota vijidudu, na vingine huacha sumu isiyoondoka hata ukipasha moto.

Mnaokwenda mazoezi ya kufundisha vijijini, bebeni mtama na dagaa wakavu. Haviharibiki upesi, na jiko moja la mkaa linatosha. Kusimama mbele ya wanafunzi vipindi vinne ukiwa na njaa, jamani, ni kazi nyingine.