Jirani Mgonjwa Hatoshwi na Ziara Moja

Kila Mkristo aujua mfano wa Msamaria mwema. Wengi wetu tukiusimulia hukomea pale alipomfunga majeruhi vidonda vyake, lakini kisa hakiishii hapo. Msamaria alimfikisha yule mtu katika nyumba ya wageni, akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, kisha akaahidi kupita tena na kulipa gharama itakayozidi. Ahadi hiyo ya kurudi ndiyo sehemu ngumu ya upendo, nayo husahauliwa upesi.

Mji wa Kampala unao ushahidi wa jambo hili. Katika kilima cha Nsambya, si mbali na kambi ya polisi, ipo hospitali iliyoanzishwa na masista Wafransisko waliofika Uganda mwaka 1903, miongoni mwao Mama Kevin, mzaliwa wa Ireland. Katika miaka ya 1980 UKIMWI ulienea, nao watu wakauita silimu. Mgonjwa aliyetoka hospitalini mara nyingi alikuta nyumbani hakuna wa kumshika mkono: ndugu walimwogopa, na majirani walinong'ona kwamba amerogwa. Mwaka 1987 hospitali hiyo, ambayo daktari wake mkuu alikuwa Sista Miriam Duggan, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwao. Mgonjwa akapata matibabu kitandani pake, na jamaa zake wakafundishwa namna ya kumtunza.

Vivyo hivyo Mbuya, kilima kinachojulikana kwa kambi yake ya jeshi. Mwaka 2001 huduma ya Reach Out ilianzishwa katika parokia ya Katoliki ya hapo, ikapokea watu wa dini zote. Wengi wa waliopita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Banda na Kinawataka walikuwa wenyewe wakiishi na virusi, hivyo walijua maumivu ya mgonjwa na aibu yake.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, haja ya kurudi haikupungua. Dawa hizo humezwa kila siku, maisha yote. Za kifua kikuu humezwa kwa kawaida miezi sita. Lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya majuma machache, akadhani amepona, akaziacha, na ugonjwa ukamrudia ukiwa sugu. Jirani anayeuliza kila jioni kama dawa imemezwa aweza kuokoa maisha.

Sisi wa kambini twaishi mbali na koo zetu. Baba akipelekwa kazini mbali na mama akaugua, ndugu wa karibu ni yule wa mlango wa pili, ambaye huenda ni wa kabila jingine na dini nyingine. Msamaria naye alikuwa wa taifa jingine.

Kwa hiyo yafaa nyumba tatu au nne zipatane: mmoja ateke maji, mwingine apike uji, wa tatu awapeleke watoto shuleni, wa nne amsindikize mgonjwa kliniki. Kushikana mikono na kula sahani moja hakuambukizi UKIMWI. Ila tuvae glavu tugusapo damu. Kwa mwenye kifua kikuu, madirisha yafunguliwe ili hewa ipite. Na siri ya mgonjwa isipelekwe bombani. Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Uganda alipotangaza mwaka 1992 kwamba anaishi na virusi, alihitaji ujasiri mkubwa, kwa kuwa wengi waliona ugonjwa huo ni hukumu. Kutangaza ni haki ya mgonjwa mwenyewe, si ya majirani zake.

Basi Jumapili hii tukitoka kanisani, tumtembelee jirani aliye kitandani. Tusiwe na haraka ya kumwombea na kuaga. Tumwulize anahitaji nini, tukifanye, na kabla ya kuondoka tumwambie siku tutakayorudi. Siku hiyo ikifika, twende.