Meno 22 Mbele, 34 Nyuma

Je, wajua kwamba gia za baiskeli hazimpunguzii mtu kazi ya kupanda mlima hata chembe? Kuinua kilo 90 mita moja juu kunadai kazi ileile, uwe umekalia Black Mamba ya kusambazia mkate au baiskeli ya milimani iliyoingia nchini kama mtumba. Gia hubadilisha kitu kimoja tu, nacho ni uzito wa kila mkanyago. Kwenye barabara ya kwenda Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, hicho kitu kimoja ndicho kinachoamua nani atapanda na nani atashuka asukume.

Kijana aliyejifunzia baiskeli Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, anaweza kukua bila kulijua hili. Eastlands ni tambarare. Kutoka uwanja wa Camp Toyoyo hadi Jogoo Road, ambayo wazee wa mtaa waliijua kama Doonholm Road, hakuna mlima wa kumtoa mtu jasho. Adui ni matatu. Ndiyo maana Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma yenye gia moja, breki za vyuma na kerio pana nyuma, imedumu huku kwa miongo mingi ikibeba maziwa, mitungi na abiria. Ni nzito, kilo 20 na ushee, lakini kwenye tambarare uzito si kitu ukishashika mwendo.

Lakini Nairobi imeinama. Jericho iko zaidi kidogo ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ardhi hupanda polepole kuelekea magharibi hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200. Mwinuko huo hauonekani kwa macho. Mapaja ndiyo hukuambia, ukiwa umepita Uthiru. Kutoka hapo kuna maporomoko ya Bonde la Ufa, kisha Mai Mahiu, kisha Longonot, kisha barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha hadi lango la Elsa la kuingilia Hell's Gate. Ni safari ya kama kilomita 100, na mlima wenyewe hasa haujaanza.

Tupige hesabu kidogo. Chukua baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli husogea kama mita 5.4. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, mzunguko huo mmoja unainua mtu, baiskeli na mzigo zaidi ya nusu mita. Ikiwa vyote pamoja ni kilo 90, mguu unaoshuka utalazimika kusukuma kwa nguvu ya kama kilo 70 pale krenki inapolala sambamba na ardhi. Mpandaji mwenye kilo 65 akisimama kwa mguu mmoja juu ya pedali, uzito wake wote hautoshi. Baiskeli inasimama na yeye anashuka. Si uvivu.

Sasa weka meno 22 mbele na 34 nyuma, gia ndogo kabisa kwenye baiskeli nyingi za milimani. Mzunguko mmoja wa pedali sasa hukupeleka mita 1.3 tu, na mguu unadaiwa chini ya kilo 20. Utakanyaga mara nne zaidi kufika kileleni, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na watoto wa barabarani watakucheka. Lakini utafika umekaa. Kinachonishangaza ni wangapi hununua baiskeli ya gia 24 na kuitumia kwa gia moja, ile kubwa, kwa sababu kukanyaga haraka bila kwenda mbali huonekana aibu.

Aibu hiyo ina historia, na si ya Eastlands. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, hakuwaruhusu waendeshaji wake kutumia mtambo wa kuhamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Aliona ni kitu cha wazee. Kuanzia 1903, mashindano yalipoanza, hadi 1937, mwendeshaji aliyefika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie meno ya upande wa pili. Wakati huohuo, Paul de Vivie wa Saint-Étienne, mtu wa safari ndefu na si wa mashindano, alikuwa akihubiri gia nyingi kwa yeyote aliyemsikiliza. Walimdhihaki. Leo hakuna anayepanda mlima wa Tourmalet kwenye Tour bila gia.

Na kwa kuwa tumeutaja Tourmalet: mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele pale. Sheria haikuruhusu msaada wowote. Akaibeba baiskeli begani kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye kiwanda cha mhunzi na kuuchomelea uma mwenyewe huku waamuzi wakimtazama. Walimwadhibu hata hivyo, kwa sababu mvulana alimvutia mivukuto. Mtu yeyote aliyepita kwa mafundi chuma wa Gikomba anaweza kumwelewa Christophe. Waamuzi ndio wagumu kuelewa.

Tourmalet una mita 2,115, yaani ni chini kuliko Limuru. Urefu kutoka baharini haumtishi mwendeshaji. Anachohesabu ni tofauti ya chini na juu. Hewa nayo ina lake. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, karibu mita 2,400, msukumo wa hewa umepungua karibu robo ukilinganisha na Mombasa, na oksijeni imepungua hivyohivyo. Mtu wa Jericho amezaliwa zaidi ya nusu njia. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye kushinda Tour mara nne, alijifunza mbio kwa David Kinjah katika kijiji cha Mai-a-Ihii karibu na Kikuyu, juu kuliko Jericho.

Kuteremka ni hatari kuliko kupanda, ingawa wengi huogopa kupanda. Barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano katika Vita vya Pili vya Dunia, hushuka zaidi ya mita 500 katikati ya malori. Kilo 90 zikishuka mita 500 hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji, chai ya watu wanne au watano. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo, na iliyobaki huingia kwenye rimu. Ukishika breki bila kuachia kuanzia juu hadi chini, rimu huchemka, kiraka cha solusheni hubanduka, na tyubu inapasuka penye kona. Waliozoea hubana sana kabla ya kona, kisha huachia ili rimu ipoe. Breki za vyuma za Black Mamba, mipira ikisuguana na rimu ya kromiamu, zikipata mvua ni heri kuteremka ukitembea.

Hell's Gate yenyewe ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kituo cha Olkaria kuanza kutoa umeme wa mvuke. Ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambapo mtu anaruhusiwa kupanda baiskeli kati ya pundamilia, twiga na nyati. Kutoka lango la Elsa hadi korongo la Ol Njorowa barabara ni rahisi, nayo ndiyo wageni wengi huifuata na kurudi. Ugumu uko upande wa Buffalo Circuit, ambako njia hupanda juu ya jivu la volkano. Hapo hesabu zetu hukutana na tatizo jipya: gia ndogo hutia nguvu nyingi kwenye gurudumu la nyuma, na jivu halishiki. Gurudumu linazunguka mahali pamoja. Dawa ni kupunguza upepo kwenye matairi ili yakalie ardhi kwa upana zaidi, na kukaa nyuma kwenye kiti badala ya kusimama. Lakini tairi laini hubanwa kwenye rimu ukigonga jiwe, na migunga ina miiba. Wenye akili hubeba tyubu mbili.

Kabla ya safari fundi mzuri atapima cheni, na kipimo chake ni rula. Kila kiungo cha cheni kina nusu inchi, vipimo vilevile kwenye Black Mamba na kwenye baiskeli ya bei ya pikipiki. Viungo 24 ni inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na moja ya nane, cheni imelika kwenye maungio na imeanza kuyala meno. Watu husema cheni imevutika, ingawa chuma chenyewe hakijarefuka. Pini na matundu yake ndivyo vimelika. Cheni hii ya roli ilibuniwa na Hans Renold huko Manchester mwaka 1880, na ikiwa safi na yenye oili hupoteza nguvu kidogo mno kutoka pedali hadi gurudumu. Vumbi la Olkaria huigeuza msasa kwa siku moja, kwa hiyo kitambaa na kichupa cha oili hukaa juu ya mzigo, si chini yake.

Kurudi ni kupanda zile mita 500 mwisho wa siku, miguu imechoka na malori yakipumua mgongoni. Wengi huishia stendi ya Naivasha, ambako baiskeli hupandishwa juu ya matatu. Patana bei yake kabla kamba haijafungwa, na ugeuze upande wa cheni juu, kwa sababu makanga hawana habari na mtambo wa gia.