Fahamu: Usalama kazini, kuanzia mashine ya korona hadi bomba la mvuke

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ni nchi ya mkonge na miwa, na maeneo ya Chanzuru na Kimamba yanaujua mkonge tangu zamani. Katika kiwanda cha mkonge, hatari iko pale korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, inapovuta majani: shati lenye mikono mipana likinaswa, mkono unafuata. Kwenye mashine ya brashi, hatari ni vumbi la singa, yaani nyuzi za mkonge, na kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi.

Katika viwanda vya sukari, hofu ni mvuke. Mei 23, 2024, watu 11 walifariki katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, wilayani Mvomero, baada ya bomba la mvuke kupasuka. Hapo glavu na kofia ngumu hazimwokoi mtu. Kinachookoa ni ukaguzi wa mitambo kabla haijawashwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambebesha mwajiri mzigo wa kulinda usalama kazini, na msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Vifaa vya kujikinga vinatolewa bure. Kumkata kibarua mshahara kwa ajili ya buti ni dhuluma.

Ukiumia, mwarifu mwajiri mapema. Fidia hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na mchango wake hutoka kwa mwajiri, si kwenye mshahara wako.