Mafuta gani yanamlipa mfugaji wa vifaranga?

Anayechanganya mwenyewe chakula cha broila huanza kwa kuuliza bei ya lita ya mafuta. Mimi ningeanza na umri wa vifaranga. Wiki mbili za mwanzo nyongo yao bado ni haba, na pasipo nyongo ya kutosha mafuta hayasagiki vizuri tumboni. Yanayowashinda zaidi ni yale yanayoganda, kama ya ng'ombe. Mawese nayo yanawasumbua kiasi. Ya alizeti na ya soya wanayamudu. Ukiwapa mawese kwa sababu ni rahisi, sehemu ya fedha yako inatoka na kinyesi. Subiri wafikishe wiki tatu, hapo yatalipa.

Kilo 1 ya mafuta ina nishati ya mahindi kilo mbili na nusu hivi. Bei yake ikizidi ya mahindi hayo, na mara nyingi huzidi mbali, mafuta si njia ya kubana matumizi. Broila anayahitaji kwa kuwa tumbo ni dogo na chakula chake cha kuanzia kinatakiwa kiwe na kilokalori karibu 3,000 kwa kilo. Ukijaza pumba hufiki. Vifaranga wa kienyeji hawana haraka ya kukua kama broila. Mahindi yenyewe yana mafuta karibu asilimia 4, yanawatosha.

Kwa broila, chaguo langu ni soya nzima iliyokaangwa. Kilo 5 ndani ya mfuko wa kilo 50 zinaingiza mafuta karibu kilo 1, pamoja na protini ya kilo 4 za mashudu ya soya. Basi jumlisha bei ya mashudu hayo na ya kilo 1 ya mafuta ya alizeti, kisha uulize soya kilo 5 ni kiasi gani. Ila ikaangwe ikaiva hadi ndani. Soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe, na vifaranga hudumaa.

Mafuta yaliyochoka kwa kukaanga chipsi ni rahisi kuliko yote, nami nasema usiyaguse. Yaliyochacha huharibu vitamini E chakulani. Kifaranga anapinda shingo, anayumba, anaanguka na kurusha miguu. Hata mafuta mazuri, sugua tone kiganjani unuse kabla ya kulipa, na uchanganye chakula cha wiki moja au mbili tu.