Breki za Diski Nyuma ya Gari Dogo: Faida na Hatari Zake

Mwenye gari dogo la zamani, tuseme Toyota Starlet, akilipeleka gereji huko Segerea, aweza kushauriwa aziondoe breki za ngoma zilizo nyuma na kufunga za diski, kama zile za mbele. Vipuri vilivyotumika huuzwa Gerezani, na fundi stadi havimshindi kuvifunga. Swali ni kama gari litasimama upesi zaidi. Mara nyingi halitasimama upesi zaidi, na kazi ikifanywa bila vipimo laweza kupinduka mkia mbele katikati ya barabara.

Kazi ya breki ni kugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,000 liendalo mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, lina nishati ya jouli 200,000. Mwendo ukipungua nusu, nishati hubaki robo tu. Diski iko wazi, hivyo hewa huipoza. Ngoma hufungia joto ndani, nayo ikipata moto mno hutanuka na kujitenga na viatu vyake. Tena ikiingiwa na maji ya madimbwi hukawia kukauka. Kwa dereva anayeteremka Kitonga na mzigo, faida ya diski ni dhahiri. Kwa yule anayetambaa katika msongamano wa Tabata, joto ni dogo, na faida ni ndogo vilevile.

Jambo linalosahauliwa ni uzito. Breki zikamatapo, gari huinama mbele. Tuchukue gari lilelile, lenye uzito wa nyutoni 10,000: 6,000 mbele na 4,000 nyuma. Kitovu cha uzito kiwe nusu mita juu ya lami, na umbali kati ya ekseli mbili uwe mita 2.5. Mwendo ukipungua kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde, uzito unaohamia mbele ni 1,000 × 7 × 0.5 ÷ 2.5, yaani nyutoni 1,400. Nyuma hubaki nyutoni 2,600 tu. Msuguano wa tairi na lami hutegemea uzito huo. Kwa hiyo breki ya nyuma ikizidi kiasi, gurudumu huacha kuzunguka na kuserereka. Magurudumu ya mbele yakitangulia kuserereka, gari huenda moja kwa moja bila kutii usukani, na hilo ni baya. Ya nyuma yakitangulia, gari huzunguka, na hilo ni baya zaidi.

Ngoma nayo ina tabia yake: mzunguko wake wenyewe hukivuta kiatu kimoja kikaze zaidi. Diski haina msaada huo, hivyo kalipa yake huhitaji pistoni pana. Pistoni ikiwa nyembamba, breki itakuwa dhaifu kuliko ile iliyoondolewa. Ikiwa pana mno, itakamata kupita kiasi, na itadai mafuta mengi hata kikanyagio kizame. Vali inayopunguza kanieneo ya nyuma nayo ilipimwa kiwandani kwa ajili ya ngoma, si diski.

Iko pia breki ya mkono. Kalipa iliyotolewa mbele ya gari jingine kwa kawaida haina mtambo wake, na gari litabaki bila breki ya dharura iwapo breki za mafuta zitashindwa kabisa. Fundi aangalie hilo kabla ya kununua kipuri, kisha alijaribu gari uwanjani pasipo watu, kwa mwendo mdogo, na kuhakikisha kuwa magurudumu ya mbele ndiyo yanayotangulia kuserereka.